Protini ipi ya kupimia undugu wa wanyama: histoni, saitokromu c, himoglobini, insulini au fibrinopeptidi?

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alikuja na kompyuta mpakato mkononi, uso umekunjamana. "Shikamoo mwalimu. Hii programu nadhani imegoma." Alikuwa amechukua saitokromu c ya binadamu, akailinganisha na ya sokwe, jibu likatoka sifuri. Akarudia, sifuri. Akaingia tovuti nyingine, sifuri. Nikamwambia: programu ni nzima mwanangu, ila wewe umepima unene wa unywele kwa futi kamba. Saitokromu c ya binadamu na ya sokwe ni ileile. Asidi amino zote 104, yaani vipande vinavyounganishwa kujenga protini hiyo, hakuna hata moja iliyobadilika.

"Basi nichukue ipi?"

Nilimjibu palepale mlangoni, na tangu siku hiyo nimejibu swali hilohilo mara nyingi mno, nikaona heri niliandike. Haya ni kwa anayetaka kulinganisha wanyama wenye uti wa mgongo, iwe kwa mradi wa chuo, kwa somo la kidato cha sita au kwa udadisi wake tu, na hajui aanze na protini gani. Jibu langu fupi: kama nafasi unayo ya protini moja tu, chukua himoglobini alfa, na uwe mwangalifu na jeni unayoichukua. Jibu refu ndilo linalofuata.

Saa nyingi, kila moja na mwendo wake

Mwaka 1962 Emile Zuckerkandl na Linus Pauling walihesabu tofauti za himoglobini kati ya wanyama, wakaona idadi ya tofauti inakwenda sambamba na muda uliopita tangu koo za wanyama hao zilipoachana. Hapo ndipo lilipoanza wazo la saa ya molekuli. Haikuchukua muda ikaonekana saa zenyewe ni nyingi na hazikubaliani. Mwaka 1971 Richard Dickerson alilinganisha protini nne akauliza: koo mbili zikishaachana, itapita miaka mingapi mpaka protini zao zitofautiane kwa asilimia 1?

| Protini | Kazi yake | Miaka ya kufikia tofauti ya asilimia 1 |
|---|---|---|
| Fibrinopeptidi | vipande vinavyokatwa na kutupwa damu inapoganda | milioni 1.1 |
| Himoglobini | kubeba oksijeni kwenye damu | milioni 5.8 |
| Saitokromu c | kupitisha elektroni ndani ya mitokondria | milioni 20 |
| Histoni H4 | kigogo ambacho DNA huzungushiwa | milioni 600 |

Kati ya ya juu na ya chini kuna zaidi ya mara 500. Namba hizi ni za zamani na wengine wamezirekebisha huku na kule, lakini mpangilio wenyewe haujatetereka, nami bado huwa nauandika ubaoni.

Kwa nini zitofautiane hivyo? Makosa ya kunakili DNA hayachagui jeni. Yanayochujwa ni yale yanayobaki. Protini ambayo kila kipande chake kina kazi haivumilii badiliko. Atakayezaliwa nalo hafiki mbali. Protini yenye sehemu za kujazia nafasi tu hupokea karibu kila kinachokuja. Ni kama kanga: maua ya katikati hubadilika kila toleo, lakini ikikosa pindo haiitwi kanga tena. Kuna sababu nyingine zinazoongezeka juu ya hiyo. Protini inayotengenezwa kwa wingi sana ndani ya seli huwa ya polepole, kwa sababu kosa dogo la kukunjika linazidishwa na wingi. Protini za kwenye ubongo huwa za polepole. Zile za kinga ya mwili na za mbegu na mayai ndizo zenye haraka, maana hizo ziko vitani kila kizazi.

Histoni H4 nitaimaliza kwa aya hii moja. Mwaka 1969 ilisomwa ya ng'ombe na ya njegere, zikaonekana zinatofautiana kwa asidi amino 2 kati ya 102. Ng'ombe na njegere! Kwa anayelinganisha wanyama wenye uti wa mgongo pekee, H4 haina habari ya kumpa. Iache.

Saitokromu c: umaarufu umezidi uwezo

Hii ndiyo imo katika kila kitabu cha baiolojia cha sekondari, na ndiyo inayowaponza wengi. Sifa zake ni za kweli. Ni fupi. Kila mnyama anayo, mmea unayo, hata hamira inayo. Mwaka 1967 Walter Fitch na Emanuel Margoliash waliitumia kuchora mti wa ukoo wa spishi 20, kuanzia binadamu hadi kuvu, na mti ule kwa jumla ulikaa vizuri kiasi cha kushangaza.

Sasa tazama idadi ya tofauti ukianzia kwa binadamu: kima wa rhesus 1, kangaruu 10, bata 11, farasi 12, kuku 13, jodari 21.

Soma tena pole pole. Bata yuko karibu na binadamu kuliko farasi. Kangaruu, ambaye hulea mtoto wake kwenye mfuko na ukoo wake uliachana na wetu zamani zaidi, naye kampita farasi. Ukimpa mwanafunzi namba hizi bila onyo, atachora mti ambao ndege na nyani wako tawi moja, na atautetea kwa ujasiri.

Kosa liko upande wetu. Linganisha farasi na kangaruu moja kwa moja: tofauti ni 7 tu. Maana yake farasi hajakimbia, kangaruu hajakimbia. Aliyekimbia ni ukoo wa nyani na binadamu. Katika ukoo huo saitokromu c iliongeza mwendo, pamoja na protini nyingine inazoshirikiana nazo ndani ya mitokondria. Kwa hiyo yeyote utakayemlinganisha na binadamu ataonekana yuko mbali kidogo kuliko alivyo. Mti wa 1967 uliangukia mtego huohuo: ulionyesha nyani na binadamu wametoka kwenye shina kabla ya kangaruu.

Mti huo ulikuwa na kituko cha pili. Uliweka kobe karibu na ndege badala ya kumweka na mtambaazi mwenzake, nyoka mwenye njuga mkiani. Wakati ule ilihesabiwa kuwa dosari ya pili. Miaka mingi baadaye jenomu nzima, yaani DNA yote ya mnyama, ziliposomwa, kobe akaonekana kweli yuko upande wa ndege na mamba. Dosari moja ilikuwa dosari, na nyingine ilikuwa kweli iliyofika mapema. Namba zenyewe, kwa protini fupi ya asidi amino 104, hazikuwa na namna ya kukuambia ipi ni ipi. Hili ndilo linanifanya nisiipendekeze peke yake.

Itumie unaporuka hatua pana: samaki, ndege, mamalia, au mnyama mwenye uti wa mgongo dhidi ya mdudu. Kupanga mamalia kwa mamalia, hapana.

Himoglobini: ndiyo ninayoichagua, lakini ina ndugu wengi

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo ya aina mbili, alfa yenye asidi amino 141 na beta yenye 146. Mwendo wake ni wa kati, na hilo ndilo linaloifanya ifae. Ukiichukua beta ya binadamu, tofauti na gorila ni 1, na kima wa rhesus 8, na panya 27, na kuku 45, na chura 67. Hakuna aliyeruka foleni. Alfa ya binadamu na ya farasi zinatofautiana kwa 18. Kwa saa ya Dickerson hiyo ni kama miaka milioni 74, si mbali na makadirio yanayotokana na njia nyingine. Kwa protini moja, kazi nzuri.

Ukivuka kwenda kwa samaki, kuna jambo la kurekebisha. Alfa ya binadamu na ya samaki aina ya kapi zinatofautiana katika nafasi 68 kati ya 140 zinazolinganika, yaani karibu asilimia 49. Lakini nafasi moja inaweza kubadilika mara mbili au tatu, na wewe ukaona badiliko moja tu, au ikarudi ilikokuwa usione chochote. Kanuni rahisi ya kurekebisha ni kutoa sehemu iliyotofautiana kutoka kwenye 1, kuchukua logi asilia ya jibu na kugeuza alama yake. Hapa 1 toa 0.486 ni 0.514, logi yake ukigeuza alama ni 0.665, na ukizidisha kwa 140 unapata kama 93. Macho yanaona 68, yaliyotokea ni kama 93. Kwa binadamu na gorila marekebisho haya hayana maana. Kwa samaki ukiyaruka utamleta samaki karibu mno.

Sasa onyo lenyewe. Himoglobini ni familia. Binadamu ana beta, ana delta, ana gama ya mtoto aliye tumboni, na nyingine za kiinitete. Beta na delta, zote mbili ndani ya mwili wako wewe mmoja, zinatofautiana kwa asidi amino 10. Ukichukua kwa bahati mbaya delta ya binadamu ukailinganisha na beta ya sokwe utapata kama 10, wakati jibu sahihi la beta kwa beta ni sifuri. Umewatenganisha binadamu na sokwe kuliko binadamu na kima, kwa kubofya mstari usio wake.

Wataalamu huziita jeni za aina ya kwanza othologi: jeni ileile iliyorithiwa na spishi mbili kutoka kwa babu mmoja. Za aina ya pili ni paralogi: jeni iliyojirudufu ndani ya ukoo, kisha nakala zikashika njia zao. Undugu wa spishi unapimwa kwa othologi pekee. Nimeona kazi nyingi zilizoharibika hapa kuliko mahali pengine popote, na zote mwendo wa protini ulikuwa umechaguliwa vizuri.

Hata vitabu vimeteleza. Ile jedwali ya beta niliyoitaja huwa inaendelea mpaka kwa lampri, samaki asiye na taya, akiwa na tofauti 125. Inapendeza, namba inapanda kwa mpangilio. Lakini utafiti uliotoka 2010 ulionyesha kwamba himoglobini inayobeba oksijeni kwa lampri na ile ya wanyama wenye taya zilitokana na jeni mbili tofauti za familia ya globini, kila ukoo ukaibuni kazi hiyo kivyake. 125 si umbali kati ya lampri na mtu. Ni umbali kati ya jeni mbili zilizokuwa zimeshaachana kabla.

Jambo la mwisho kuhusu himoglobini, na hapa Afrika Mashariki halihitaji maelezo mengi: badiliko moja tu, nafasi ya 6 ya beta, ndilo linaloleta selimundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Idadi ya tofauti inahesabu mabadiliko; uzito wa kila badiliko hauimo kwenye hesabu hiyo.

Fibrinopeptidi: haraka, fupi, na ya jirani tu

Unapojikata na kisu jikoni, kimeng'enya kiitwacho thrombini kinakata vipande vidogo kutoka kwenye fibrinojeni, na fibrinojeni iliyobaki inashikana kuwa wavu wa donge la damu. Vipande vilivyokatwa ndivyo fibrinopeptidi. Kazi yao kubwa ilikuwa kuzuia wavu usijifunge kabla ya wakati. Wakishakatwa, hawana kazi kubwa tena. Ndiyo maana wanabadilika watakavyo, au karibu hivyo. Hizi hapa fibrinopeptidi A mbili, kila herufi ikiwa asidi amino moja:

Binadamu: ADSGEGDFLAEGGGVR
Ng'ombe: EDGSDPPSGDFLTEGGGVR

Anza kusoma kutoka kulia. GGGVR, sawa kwa sawa. Kisha E, sawa. Kisha A kwa mtu na T kwa ng'ombe. Kisha GDFL, sawa. Endelea kushoto, mambo yanavurugika, na urefu wenyewe unakataa: 16 kwa mtu, 19 kwa ng'ombe. Mwisho wa kulia, penye R, ndipo thrombini inapokata, na inahitaji kushika sehemu hiyo ili ikate. Kwa hiyo hata ndani ya protini yenye haraka kuliko zote kwenye orodha, upande ulio na kazi umekaa kimya na upande usio na kazi umekimbia. Kama ningeruhusiwa mfano mmoja tu wa kufundishia somo hili, ningechukua mistari hii miwili na kuachana na michoro yote.

Uzuri wake ni kwamba inatofautisha wanyama waliokaribiana ambao saitokromu c inawaona karibu mmoja: mbuzi, kondoo, ng'ombe, swala, ngamia. Russell Doolittle na Birger Blombäck waliitumia hivyo tangu 1964. Ubaya ni mbili. Ni fupi mno, badiliko moja la bahati linatikisa jibu lote. Na ukivuka kutoka mamalia kwenda kwa kuku, hakuna kilichobaki cha kulinganisha.

Insulini: mwendo mbili katika jeni moja

Insulini ina asidi amino 51. Ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu kwa 1, ya ng'ombe kwa 3, na ndiyo maana wagonjwa wa kisukari walitibiwa kwa insulini ya wanyama hao kwa miongo mingi kabla ya kutengenezwa ya binadamu maabara. Lakini insulini huzaliwa ndefu zaidi, ikiwa na kipande cha katikati kiitwacho peptidi C ambacho hukatwa na kuondolewa. Peptidi C hubadilika kwa mwendo wa takriban mara 6 ya insulini yenyewe. Jeni moja, amri moja ya kutengenezwa, saa mbili. Kwa hiyo unapopakua mfuatano (orodha ya asidi amino kwa mpangilio wake) angalia umepakua nini, homoni iliyokamilika au ile ndefu ya mwanzo, na usichanganye.

Halafu kuna simbilisi, yule mnyama mdogo anayefugwa kwa nyama huko Iringa na Mbeya. Insulini yake inatofautiana na ya binadamu katika nafasi 18 kati ya 51. Nguruwe 1, ng'ombe 3, simbilisi 18. Mtu asiyejua angesema simbilisi si mamalia. Kilichotokea ni kwamba katika ukoo wa simbilisi na jamaa zake wa Amerika Kusini, insulini ilipoteza uwezo wa kushikana kwa msaada wa zinki, na masharti yaliyokuwa yameibana protini hiyo yakalegea. Protini ya polepole inaweza kuwa ya haraka kwa mnyama mmoja. Kasi iliyoandikwa kwenye jedwali ni wastani, na wastani hauna habari na simbilisi wako.

Siipendekezi insulini kwa kuchora mti. Kwa kufundisha, ni hazina.

Protini zinazodanganya kwa sababu zina kazi nzuri

Kuna kundi ambalo mwendo wake wa kati unavutia, lakini mazingira yanalivuta. Lisozaimu ni mfano. Ng'ombe hutumia lisozaimu tumboni kumeng'enya bakteria waliochachusha majani. Nyani wala majani wa jamii ya mbega nao wana tumbo la kuchachusha, na lisozaimu ya mmoja wao, langur wa India, ilipolinganishwa mwaka 1987 ikaonekana imepata baadhi ya mabadiliko yaleyale ya ng'ombe. Si kwamba ni ndugu wa ng'ombe. Shida moja imezaa jibu moja mara mbili. Prestini, protini ya sikio, inafanya hivyohivyo kati ya popo na pomboo, wote wasikilizao mwangwi wa sauti zao.

Lakini usizitupe. Kama swali lako ni la mazoea ya maisha na si la ukoo, hizi ndizo unazozitaka. Nenda Ziwa Victoria. Furu wawili, Pundamilia pundamilia wa buluu na Pundamilia nyererei mwekundu, wamepewa majina ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Ziwa lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, kwa hiyo himoglobini au saitokromu c hazitakuambia kitu kuhusu hawa. Opsini, protini inayopokea mwanga mwekundu machoni mwao, ndiyo iliyosema: Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba wa buluu anayekaa juu na mwekundu anayekaa chini zaidi wana matoleo tofauti ya opsini hiyo, kila moja likifuata mwanga unaofika kwenye kina chake. Miaka milioni haikuhitajika.

Albumini na ugomvi wa Fort Ternan

Albumini ya damu ina asidi amino 585, ndefu vya kutosha bahati isiitikise. Mwaka 1967 Vincent Sarich na Allan Wilson kule Berkeley waliipima hata bila kusoma mfuatano wake. Walitumia nguvu ya kingamwili kuitambua albumini ya spishi nyingine. Wakasema binadamu na sokwe waliachana miaka milioni 5 hivi iliyopita. Wataalamu wa visukuku walikasirika. Louis Leakey alikuwa na taya la Kenyapithecus, nyani wa kale, kutoka Fort Ternan, Kenya, la miaka milioni 14, ambalo yeye aliliweka upande wa binadamu, na Ramapithecus wa bara Hindi alikuwa amewekwa huko pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ramapithecus alihamishiwa upande wa orangutani, na leo wengi hutaja miaka milioni 6 au 7. Protini ya damu ilikaribia ukweli kuliko meno.

Mimi albumini naiweka nafasi ya pili, nyuma ya himoglobini alfa, na kwa mamalia peke yao naiweka ya kwanza. Ni ndefu, ni ya haraka kiasi, na kwenye hifadhidata ipo kwa mamalia wengi.

Basi uchague vipi

Jiulize kwanza wanyama wako waliachana lini, kwa makadirio tu. Kama ni chini ya miaka milioni 10, acha protini, soma herufi za DNA yenyewe. Jenomu ya sokwe ilipotoka 2005 ilionekana asilimia 29 ya protini zinazolinganika ni sawa kabisa na za binadamu, na protini ya kawaida ina tofauti 2 tu. Himoglobini alfa na beta nazo ziko kwenye sifuri. Lakini DNA ina herufi nyingi zinazobadilika bila kubadilisha asidi amino, na hizo huenda haraka. Saitokromu b ya mitokondria hutumiwa sana kwa kazi hii, na tafadhali usiichanganye na saitokromu c. Majina yanafanana, protini ni mbili tofauti.

Kati ya milioni 10 na milioni 100, albumini, fibrinopeptidi kwa wanyama wa kundi moja, himoglobini. Kati ya milioni 100 na 450, himoglobini alfa ukiwa na marekebisho, na saitokromu c kama shahidi wa pili. Zaidi ya hapo usitegemee protini moja, hata iwe ya polepole namna gani. Wavuvi wa Tanga na Comoro wanamjua silikanti, samaki aliyedhaniwa amekwisha pamoja na dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa miaka mingi watu walibishana kama yeye au kamongo ndiye aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne. Jibu lilipatikana 2013, kamongo, kwa kutumia jeni 251 kwa pamoja. Ilionekana pia kwamba protini za silikanti kwa jumla hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu. Ungemchukua kwa protini moja tu, mwendo wake wa taratibu ungekupotosha.

Kazi yenyewe haina gharama. UniProt, hifadhidata ya protini mtandaoni, ni bure, na mfuatano ni maandishi tu, bando dogo linatosha. P69905 ni himoglobini alfa ya binadamu. P99999 ni saitokromu c, namba ambayo hutaisahau. Kabla ya kulinganisha, soma jina la jeni kwenye kila mstari, soma urefu, hakikisha si kipande. Kisha fanya hesabu kwa protini mbili za mwendo tofauti. Zikikubaliana, endelea. Zikigombana kama saitokromu c ilivyogombana kuhusu farasi na bata, ongeza mnyama wa tatu aliye nje ya ugomvi na uone nani amekimbia.

Mwanafunzi wangu alitaka binadamu, sokwe na gorila. Nilimwambia aachane na protini. Alikwenda na saitokromu b, herufi kwa herufi, na wiki iliyofuata aliporudi hakuwa na sifuri hata moja kwenye jedwali lake.